Rupia Zenye Alama ya Sikio

Siku niliyofilisiwa, ng'ombe wawili waliachwa zizini kwa sababu ya masikio yao. Naanzia hapo kwa kuwa ujinga wangu wote uliofuata ulizaliwa hapo, na sitaki mtu anicheke kabla hajajua kwamba nilikuwa na sababu.

Reli ilikuwa imefika Dodoma si muda mrefu. Vijana wengi tuliona vichwa vya treni vikitema moshi tukadhani na sisi tumekuwa watu wa biashara. Mimi nilikwenda duka moja karibu na stesheni, nikachukua majora ya kaniki na marekani kwa mkopo, nikayagawa vijijini kwa ahadi kwamba baada ya mavuno watu watanilipa ng'ombe. Mvua ikakata katikati ya msimu. Uwele ukakauka ukiwa magotini. Watu walivaa nguo zangu wakapendeza, na ng'ombe hawakuja.

Mwenye duka alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu mpole wa swala tano, ambaye alinisubiri mpaka akaona aibu kwa niaba yangu. Mwisho akanipeleka bomani. Bwana shauri, Mdachi mwenye shingo nyekundu aliyekuwa akiamua kesi zote za wilaya, akasema nifilisiwe. Sikulielewa neno hilo. Nilidhani ni adhabu kama viboko, unapigwa yakaisha, unakwenda nyumbani kulala kifudifudi.

Wakaja askari wawili na karani wa boma, mtu wa pwani aliyevaa kofia nyeupe na kubeba daftari kwapani. Karani aliandika kila kitu: ng'ombe saba, mbuzi, majembe, mpaka kigoda alichokuwa amekikalia. Nikamwambia kwamba wawili kati ya ng'ombe wale ni wa mjomba wangu. Akacheka, akasema kila mtu anayefilisiwa ana mjomba.

Lakini lilikuwa kweli. Kwetu Wagogo mtu hafugi mali yake yote zizini kwake. Huwawekeza ng'ombe wengine kwa jamaa, hawa huku, wale kule, ili ugonjwa au wezi wasimmalize kwa siku moja. Anayefuga hunywa maziwa. Mwenye mali akimtaka ng'ombe wake hurudishiwa yuleyule, si mfano wake. Akiwa amekufa, huonyeshwa ngozi. Na kinachosema nani ni wa nani ni sikio. Ng'ombe wa mjomba walikuwa wamepasuliwa ncha. Wa kwetu tangu babu wana pengo moja dogo kwenye ukingo wa nyuma.

Askari mmoja, Mnyamwezi, alikuwa mtu wa mifugo. Akaenda akayashika masikio ya wale saba, mmoja mmoja, kisha akamwambia karani, "Hawa wawili si wake." Karani akafuta. Nikaona kwa macho yangu serikali ya Wadachi, yenye bunduki na reli, ikisimama mbele ya alama ya sikio na kurudi nyuma. Hilo lilinikaa.

Siku ya tatu baba mkwe alikuja kutoka Buigiri. Alikuwa mrefu, mkavu, asiyependa maneno, na mimi nilimwogopa kuliko bwana shauri. Alitazama zizi, akatazama pale kigoda kilipokuwa, akabaki amesimama. Kwenye mahari ya binti yake nilikuwa bado nadaiwa mtamba mmoja.

"Namchukua yeye na mtoto," akasema. "Nyumba haina hata pa kukaa. Lete mtamba wangu kabla ya mvua za kupanda, umchukue mkeo. Mvua ikianguka hujaleta, nitakurudishia ng'ombe wako wote wa mahari, naye ataolewa kwingine."

Na hao ambao angenirudishia wangechukuliwa na wadai kabla hawajalala kwangu hata usiku mmoja. Mke wangu hakulia. Alimfunga binti yetu mgongoni, mtoto ambaye hata kutambaa alikuwa hajajua, akasema tu, "Ufanye haraka." Nilitaka kumjibu kitu cha kiume. Nikasema, "Ndiyo."

Nikapata kazi ya kibarua kwenye reli, kukaza vyuma na kushindilia kokoto. Bwana shauri aliamuru nusu ya mshahara wangu iingie sanduku la boma kwa ajili ya wadai, na nusu nile. Nilifanya hesabu: nikila uwele na mlenda, mara moja kwa siku, ningeweza kuweka rupia mbili kila mwezi. Miezi sita, rupia kumi na mbili, mtamba mmoja wa umbo la kawaida.

Nikaenda kwa karani kumwuliza nizifiche wapi.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mjomba." Hakuwa amenisahau, kwa bahati mbaya yangu. "Ukizizika ardhini, mdai akizikuta ni zake. Zikiwa mfukoni, ni zake. Lakini boma lina vitabu vya akiba. Pesa iliyo ndani ya kitabu, mdai haigusi. Kitabu hiki ni cha kuweka na kutoa tu, hakikopeshi, maana wewe na kukopa basi."

"Nipe kimoja."

"Lete rupia mbili za kukifungulia."

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma, na maumivu yale sidhani kama yamewahi kuisha kabisa. Mtu amechukuliwa vyote kwa kuwa hana. Sasa ili aruhusiwe kuwa na kitu, alete kitu kwanza. Nilimwuliza kama hilo ni sawa. Akasema si suala la sawa, ni suala la utaratibu. Nikarudi baada ya mwezi, nikiwa na rupia mbili na tumbo limeshikana na mgongo.

"Unakaa wapi?" akaniuliza.

"Pale ulipokuja kuandika."

"Pale pako?"

"Sasa hivi nalala kambi ya reli."

"Kambi ya reli ni ya reli. Nauliza wewe unakaa wapi."

Sikujua. Nilisimama pale nikitafuta jibu kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake akalisahau. Mwisho akaandika mwenyewe kitu ambacho hadi leo sijui ni nini. Kisha akaniuliza nani ananidhamini, nami nikamtaja mtu pekee mwenye mali niliyemfahamu, yaani yule Mrangi niliyemfilisi kidogo na yeye. Karani akaweka kalamu chini. Cha ajabu ni kwamba Mrangi alikubali. Alisema kitabu nikiwa nacho nitatulia, na mdaiwa aliyetulia hulipa.

Mwisho karani akanigeuzia kitabu kipya, kidogo, chenye jalada la kijivu, akasema nitie alama yangu. Wengine walitia msalaba. Mimi niliambiwa alama yangu, na yangu naijua. Nikachora sikio la ng'ombe lenye pengo moja ukingo wa nyuma. Karani akaitazama, akaguna, akaiacha.

Nani angenilaumu basi? Serikali ilikuwa imeheshimu masikio zizini kwangu. Sasa sikio langu lilikuwa limo ndani ya kitabu chake. Na kulikuwa na jambo jingine: hela zao, zile sarafu ndogo nyeupe, zilikuwa na tundu katikati. Nilikuwa nimejiuliza kwa nini mtu atoboe pesa nzuri, na sasa nikadhani nimeelewa. Lile tundu lilikuwa alama ya zizi la Wadachi.

Rupia mbili za kwanza alikuwa amekwisha kuzichukua, lakini niliomba anirudishie kidogo. Akanirudishia, akidhani nataka kuzihesabu. Nikatoka nje nyuma ya ukuta, nikachukua tupa ndogo tuliyonolea vifaa vya reli, nikakata pengo moja kwenye ukingo wa kila rupia, nyuma ya kofia ya mfalme wao, usawa wa sikio. Nikarudi nikampa. Akazitupa sandukuni bila kuzitazama, akaandika mbili.

Zile za wadai nilizileta kila mwezi zikiwa safi. Zangu zilikuwa na pengo. Niliona hata mjinga hawezi kuzichanganya.

Mwezi wa tatu niliomba kuziona. Mtu aliyewekeza ng'ombe huenda kuwatembelea; anawapapasa, anauliza habari za nyasi, anaondoka moyo umetulia. Karani akaniuliza nione nini.

"Rupia zangu. Ziko nne, na hizi mbili sita."

"Zimelala," akasema, akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Na mimi nikacheka, ili nisionekane mshamba. Niliondoka nimefurahi. Zimelala maana yake zipo.

Miezi ilikwenda. Nilikonda. Kila treni ya mashariki ilipopita nilijua inapita karibu na Buigiri kabla ya jua kuchwa, na sikuwa na mtu wa kumpa salamu. Niliambiwa na mpita njia kwamba mtoto ameota meno mawili. Nilikaa juu ya chuma cha reli nikalia wazi, mbele ya wenzangu, na hakuna aliyenitania.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kukusanyika upande wa Mtumba, kitabu kilikuwa kimesoma kumi na mbili. Nilikuwa nimekwisha kuona mtamba, mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, na mwenyewe alikubali kunisubiri siku moja. Nikaenda bomani asubuhi.

Karani alihesabu kumi na mbili, akazipanga mezani. Nikachukua ya kwanza nikapitisha kidole ukingoni. Mviringo mtupu. Ya pili vilevile. Nikazipitia zote, kisha nikaanza upya, nikidhani kidole changu kimekufa ganzi kwa kazi.

"Bwana karani, hizi si zangu."

"Ni kumi na mbili."

"Nimeona ni kumi na mbili. Zangu ziko wapi?"

"Ndizo hizo."

"Zangu zina pengo."

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angezichukua. Mtamba hajali rupia ina pengo au haina. Nimeliwaza hilo miaka mingi, nikiwa shambani, nikiwa mgonjwa. Lakini pale mezani niliona kitu kimoja tu: karani ananipa ng'ombe wa mtu mwingine. Nikizichukua, kesho atakuja mwenye mali na kusema nimemwibia, nami nimeshafilisiwa mara moja, nitafilisiwa tena, na safari hii nitakuwa mwizi pia. Niliogopa. Hofu ile ndiyo iliyopaza sauti yangu. Nikamwita karani mwizi, bomani, mlango ukiwa wazi.

Bwana shauri akatoka. Karani akaeleza kwa Kijerumani. Mimi nikaeleza kwa Kiswahili changu cha vijijini, nikifungua kitabu na kuonyesha alama yangu. Bwana shauri akakitazama.

"Nini hii?" akauliza kwa Kiswahili chake cha maneno machache. "Jani?"

"Sikio, bwana."

Wakafungua sanduku kutafuta. Hakukuwa na hata moja ya kwangu. Walikuwa wamezitoa zote, miezi yote ile, kuwalipa wadai na wapagazi na kila aliyepita, na kuingiza nyingine mahali pake, kama kwamba ni maji ya kisima. Kisha bwana shauri akauliza swali ambalo sikulitarajia: pengo hilo nimelikata mimi? Nikasema ndiyo, kwa fahari kidogo. Akauliza kama najua uso ule ni wa nani. Nikasema ni wa mfalme wake, na kwamba sikumgusa uso, nilikata nyuma, padogo, na wao wenyewe wametoboa hela katikati na hakuna aliyewasema.

Karani hakutafsiri hilo la mwisho. Nafikiri aliniokoa, ila haikusaidia sana. Kwa kuharibu pesa ya serikali, rupia zangu kumi na mbili zikawa faini na kitabu kikafungwa. Kwa kumwita karani mwizi, nikapewa hamsa ishirini. Waliokuwapo zama zile wanajua. Kwa asiyejua, ni viboko ishirini na vitano, na askari aliyenipiga alikuwa yuleyule Mnyamwezi. Alinong'ona, "Samahani, ndugu," kabla hajaanza.

Sikukimbia. Kesho yake nilishika njia ya Buigiri kwa miguu, shati limeganda mgongoni. Nilitaka nimwambie baba mkwe mwenyewe, nisiache wapita njia wamwambie. Nilifika jua limeinama. Mama mkwe akaniona kwa mbali akaingia ndani ya tembe, kama inavyompasa mama mkwe. Baba mkwe alikuwa mlangoni mwa zizi.

"Mbukwa, baba," nikamwamkia. Akaitikia.

"Mtamba yuko wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, nikirudi kwenye kitabu, nikiruka kwenye hela zenye tundu. Mimi mwenyewe sikuwa naelewa, ningemwelewesha nani? Nilimwambia kwamba niliziwekeza bomani kumi na mbili, nikazitia alama yetu, na boma limezipoteza, halina hata ngozi ya kunionyesha.

Akaingia ndani, akakaa muda. Nikasikia sauti ya mtoto, kisha sauti ya mke wangu, chini sana. Akatoka na kibuyu kidogo cha siagi, kikavu, akanimiminia mkononi. Rupia tisa. Nikapitisha kidole. Pengo. Pengo. Pengo.

"Ng'ombe wako walikuja kwangu," akasema. "Niliijua alama. Nikawatenga."

"Ni tisa, baba. Watatu hawapo."

"Safari ni ndefu. Chui hakosi." Akazichukua tena kutoka mkononi mwangu, moja moja, akazirudisha kibuyuni. "Mtamba wangu nimempokea. Mchukue mkeo kabla mvua haijafunga njia."

Sikuuliza zilimfikiaje. Nilimwona kama mtu aliyeifuata serikali porini akaipokonya mali yangu. Mke wangu akatoka na mtoto, aliyenitazama akaanza kulia kwa kuwa hakunijua. Tulipita Mtumba tukinyeshewa, na mimi nilicheka njia nzima, mgongo ukiwaka.

Hivyo ndivyo nilivyolisimulia jambo hili kwa miaka. Vita vya Wadachi na Waingereza vikaja, njaa kubwa ikaja, ile iliyotumaliza watu. Wadachi wakaondoka, rupia zikaondolewa, ikaja shilingi. Wadai wangu walikwisha kulipwa au kufa. Nilipata ng'ombe tena, taratibu.

Baba mkwe alipofariki, tulikwenda Buigiri kwenye matanga. Siku ya kugawa vitu vyake vidogo, shemeji yangu alimpa mke wangu kibuyu cha siagi. Akakitikisa, kikalia. Tukamwaga: rupia tisa, nyeusi kwa kukaa, kila moja na pengo lake. Hakuwa ametumia hata moja. Hata mwaka wa njaa, zilipokuwa bado zinanunua mtama, hakuzitoa.

Nilizishika nikiwa nimeduwaa. Na ndipo, mzee mzima, nikauliza swali ambalo kijana yeyote angeliuliza siku ileile.

"Alizipata wapi?"

Mke wangu akanitazama kuona kama natania.

"Kwa yule mwenye duka," akasema. "Pale stesheni watu walikuwa wakizikataa kwa sababu ya pengo, akawa anakuja nazo vijijini kununulia ng'ombe. Baba alimuuzia dume lake jeusi. Rupia tisa."

Nikakaa chini. Nilihesabu kwa vidole, mimi niliyewahi kujiita mfanyabiashara. Zile rupia zilikuwa zake. Alikuwa ametoa dume ili azipate. Alipozimimina mkononi mwangu na kuzichukua tena, hakupokea mtamba wala mkia wa mtamba. Nilikuwa nimempa baba mkwe fedha yake mwenyewe, na yeye akanipa mke na mtoto.

"Kwa hiyo alichanganyikiwa," nikasema. "Kama mimi. Aliona alama akadhani ni zangu."

"Wewe ndiye uliyechanganyikiwa," akasema mke wangu. "Baba alijua."

"Alijua lini?"

"Siku ileile. Aliingia ndani akasema, mumeo amekuja na mgongo umepasuka, hana kitu, na hajaomba kusamehewa. Akaniuliza kama nataka kwenda. Nikasema ndiyo. Ndipo akatafuta kibuyu."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema baba yake alimkataza, na kwamba nilikuwa nikiisimulia hadithi ile kwa furaha sana.

Mwezi uliofuata nilitembea tena kwenda Buigiri, nikiwa na mtamba mwekundu niliyemzalisha mwenyewe. Shemeji yangu, ambaye sasa ndiye mwenye zizi, akaniuliza ng'ombe wa nini, maana hakuna deni analolijua. Nikajaribu kumweleza, nikaanzia katikati, nikashindwa. Nikamwambia tu ni wa baba. Akamshika mtamba, akampapasa masikio yote mawili, la kulia na la kushoto, akitafuta pengo la kwetu. Sikuwa nimemkata.